Sura ya Tano: Nyumbani Kapseret, Kazini Embakasi

Ndege aina ya Dash 8 ikitua Eldoret kutoka Nairobi hukaa chini nusu saa hivi. Abiria hushuka, mizigo hushushwa, wasafishaji hupita mbiombio katikati ya viti, karatasi ya uzito huletwa itiwe sahihi, abiria wengine hupanda, na pangaboi zikaanza kuzunguka tena. Kwa rubani mzaliwa wa Uasin Gishu, nusu saa hiyo ina uchungu wake. Uwanja uko Kapseret, kusini mwa mji. Kutoka dirisha la upande wake anayaona mashamba ya mahindi, ng'ombe wa majirani, na mabati ya boma ambalo bodaboda ingemfikisha kwa dakika kumi. Hawezi kushuka. Jioni simu inaita.

"Mwanangu, nimesikia ulikuwa hapa leo."

"Nilikuwa, Mama. Mara mbili."

"Mara mbili! Na hukuja hata kunywa chai?"

"Mama, ile ndege si matatu. Haingojei mtu."

"Ndiyo maana mimi napenda matatu."

Kila familia ya huku iliyotoa rubani ina mazungumzo yake ya namna hii. Wazee huyacheka, na mimi pia huyacheka, lakini ndani yake mna jambo ambalo vyuo vya urubani havilifundishi na mikataba ya kazi hailitaji: rubani atalala wapi usiku wa kuamkia zamu yake.

Eldoret haikosi uwanja. Ule wa Kapseret ulifunguliwa mwaka 1997, una barabara ya kurukia ya kilomita tatu na nusu, na uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko hata Nairobi. Ndege kubwa za mizigo hutua hapo. Mji wenyewe ulitangazwa kuwa jiji Agosti 2024. Jambojet ilipoanza safari zake tarehe 1 Aprili 2014, Eldoret ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya kwanza. Lakini ndege nyingi za abiria zinazokuja hapa hutoka Nairobi na hurudi Nairobi kulala, na ndege inapolala ndipo rubani anapopangiwa kituo. Mashine hukaguliwa usiku Jomo Kenyatta, ulioko Embakasi, au Wilson, na zamu ya asubuhi huanzia hapo. Mtoto wa Kapseret, hata akiwa ndiye anayeirusha ndege ya Kapseret, ni mfanyakazi wa Embakasi.

Sasa mtazame kijana huyu siku anapoajiriwa. Nyuma yake kuna leseni ya rubani binafsi, kisha leseni ya biashara inayohitaji kama saa 200 za kuruka, na kila saa ya hizo imelipiwa mafuta, ndege na mwalimu. Bili yote hufika mamilioni ya shilingi. Katika nyanda hizi za juu nimeona bili ya aina hiyo ikilipwa na ekari mbili za shamba, na mahali pengine na zawadi za mbio ndefu za shangazi aliyekimbia Ulaya. Baada ya leseni huja miaka ya kutafuta kazi. Wengi huanzia Wilson kwenye Cessna Caravan, wakipeleka watalii Mara, shehena Lokichoggio, au miraa Somalia katika vipindi ambavyo soko hilo limekuwa wazi. Wanahesabu saa moja moja kuelekea zile 1,500 za leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa nahodha wa ndege ya shirika. Anapopata kiti cha kulia cha Dash 8, na mistari ya kwanza mabegani, ana madeni. Ana wadogo zake shuleni. Ana mjomba aliyeweka hati ya shamba benki kwa ajili yake na sasa anampigia simu kila mwisho wa mwezi "kumjulia hali tu."

Anatazama kodi ya nyumba Nairobi. Anaitazama na nyumba ya wazazi, ambamo chumba chake kiko tayari, maziwa yapo, na mchumba wake anafundisha mjini. Kisha anasema neno ambalo nimelisikia kwa vijana wengi kiasi cha kulihofia: si ni dakika hamsini tu?

Ndiyo, angani ni dakika hamsini au pungufu. Na hapo ndipo Eldoret inapomdanganya mtu. Rubani aliyepangiwa kituo mbali kabisa hajidanganyi. Wakenya waliokwenda kurushia ndege mashirika ya Ghuba, huko Dubai na Doha, hawajaribu kuishi Kapseret na kufanya kazi Doha. Mwajiri huwapa nyumba au fedha za nyumba, wanahamia, wanalala mahali pamoja na kazi yao, na nyumbani wanakuja likizo. Umbali umewalazimisha kuwa na busara. Eldoret haimlazimishi mtu chochote. Iko karibu kiasi cha kumtia tamaa, na mbali kiasi cha kumnyima usingizi.

Tufanye hesabu ya siku moja, siku ambayo kwa karatasi haina kosa lolote. Zamu inaanza saa nane mchana na kwisha saa nne usiku: saa nane za kazi, safari nne za ndege, hakuna mkaguzi atakayeinua nyusi. Lakini kijana wetu amelala nyumbani Kapseret. Ili aipate ndege ya asubuhi ameamka saa kumi na moja alfajiri. Saa moja yuko uwanjani akiwa na tiketi ya mfanyakazi, ile inayosema utapanda nafasi ikibaki. Anapanda. Saa mbili na nusu au saa tatu yuko Nairobi, na zamu bado saa tano mbele. Aende wapi? Hana chumba. Anakaa katika chumba cha marubani, anakunywa chai, anasinzia kidogo kwenye kiti huku wenzake wakiingia na kutoka wakiburuta mabegi. Saa nane anaripoti akiwa amenyoa ndevu, shati limenyooka. Saa nne kasoro usiku, anapoishusha ndege kwa mara ya mwisho, huenda upepo unavuma ubavuni na mvua inapiga kioo, naye yuko macho kwa karibu saa 17.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ambayo tangu hapo hunukuliwa kila panapozungumzwa uchovu: mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya majaribio ya umakini kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Katika nchi nyingi kiwango hicho kinatosha kukunyang'anya usukani wa gari. Rubani wetu hajaonja hata tone. Ameamka mapema tu ili apande ndege.

Na hiyo ndiyo siku nzuri. Siku nyingine nafasi haibaki. Dash 8 za Jambojet zina viti 78, na Jumapili jioni, mwisho wa mwezi, au Desemba watu wakirudi kutoka ushago, viti vyote hivyo vina wenyewe. Kipo kiti kimoja cha ziada mbele, ndani ya chumba cha kuongozea ndege, lakini kukikalia kunategemea kanuni za shirika na idhini ya nahodha, na huenda mwenzako amekuwahi. Hata viti vikiwepo, uzito unaweza kukataa. Alasiri nazo zina mambo yake. Milima ya Nandi na Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na msimu wa mvua mawingu hupanda juu ya nyanda hizi kuanzia saa nane mchana yakasimama kama ukuta. Ndege ya jioni ikichelewa Nairobi kwa saa mbili, rubani anayeingojea Eldoret ili awahi zamu ya alfajiri anaanza kutazama saa, halafu simu, halafu steji ya magari.

Barabara ni kama kilomita 310. Burnt Forest, Timboroa kwenye baridi, Mau Summit, mteremko wa Salgaa, Nakuru, Naivasha, kisha kupanda tena hadi Rironi. Gari la saa tatu usiku likienda vizuri linakushusha Nairobi saa tisa au saa kumi, ukiwa umelala kwa vipande, shingo imepinda, sare imo ndani ya begi chini ya miguu kwa sababu hutaki abiria wenzako wajue kuwa huyu anayekoroma ndiye atakayewarusha kesho. Saa kumi na moja unaripoti. Saa kumi na mbili na nusu unaruka, na inawezekana kabisa unaruka kurudi Eldoret ulikotoka. Sihitaji kueleza barabara hiyo inaua namna gani. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa, na serikali ikapiga marufuku kwa muda safari za usiku za magari ya abiria. Rubani anayesafiri hivyo anacheza kamari mara mbili kwa usiku mmoja: kwanza na maisha yake barabarani, kisha na ya watu wengine angani. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili wa binadamu uko chini kabisa, utake usitake, na ni katika saa hizohizo ndipo tunapomwamsha.

Sheria zinasemaje? Kanuni za usafiri wa anga, za Kenya na za kwingineko, zinahesabu saa za kuruka na saa za zamu, na zinamlazimisha mwajiri atoe mapumziko katikati. Lakini saa ya zamu huanza kuhesabiwa rubani anaporipoti. Yaliyotokea kabla ya hapo ni maisha yake binafsi, na anatarajiwa yeye mwenyewe, kama mtu mzima, aje akiwa amepumzika. Ulaya wamekwenda hatua moja mbele: mwongozo wao unasema kama safari ya kutoka nyumbani hadi kituoni kwa kawaida inazidi dakika 90, rubani afikirie kupanga malazi ya muda karibu na kituo. Dakika 90 kutoka Eldoret kwa gari hazikufikishi hata Nakuru.

Wamarekani walilijadili jambo hili baada ya msiba, na ndege iliyohusika ni ya aina ileile inayotua Kapseret kila siku. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, Dash 8 Q400 ya shirika la Colgan Air, ikitoka Newark kwenda Buffalo, ilianguka juu ya nyumba katika kitongoji cha Clarence Center, jimbo la New York. Watu wote 49 waliokuwa ndani walikufa, na mmoja aliyekuwa katika nyumba ile. Wachunguzi walipofuatilia saa za mwisho za marubani hao wawili waliikuta habari ambayo kijana wa Kapseret angeielewa bila mkalimani. Kituo chao kilikuwa Newark. Nahodha alikuwa akiishi Florida, hakuwa na mahali pa kulala Newark, na alilala katika chumba cha marubani uwanjani. Rubani msaidizi, mwanamke wa miaka 24, alikuwa akiishi upande wa Seattle, pembe nyingine kabisa ya nchi. Alisafiri usiku kucha kwa ndege za mizigo kupitia Memphis, akafika Newark asubuhi ya siku ileile, akajinyoosha palepale uwanjani kusubiri zamu.

Tuseme haki. Bodi ya uchunguzi haikusema uchovu ndio ulioiangusha ndege. Chanzo ilichokitaja ni kwamba ndege ilipoonya kuwa mwendo umepungua mno, nahodha aliitikia kinyume cha inavyotakiwa. Kuhusu uchovu ilisema huenda ulipunguza utendaji wa marubani wote wawili, ila kiasi chake hakikuweza kupimwa. Hapo ndipo ugumu wa jambo lenyewe ulipo: kilevi huacha alama katika damu, usingizi uliokosekana hauachi. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010, likapandisha saa zinazohitajika kwa rubani msaidizi hadi 1,500, na kanuni mpya za mapumziko zikaanza kutumika Januari 2014. Kamati ya wanasayansi iliyopewa kazi ya kuchunguza safari za kwenda kazini ilitoa ripoti mwaka 2011. Haikupendekeza kuzipiga marufuku, kwa kuwa takwimu hazikutosha. Ilitoa ushauri ambao kila rubani wa Eldoret angeuandika ukutani: panga safari yako ili mwisho wa zamu usiwe macho zaidi ya saa 16 hivi, na jitahidi uwe umelala angalau saa sita kabla ya kuripoti. Rudi kwenye siku ile ya Kapseret uihesabu upya.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya kawaida ya Mkenya. Tangu enzi za reli watu wetu wamekuwa na nyumba Nairobi na nyumbani kwingine. Karani, askari, mwalimu, wote wamebeba mifuko Ijumaa na kurudi Jumapili usiku macho mekundu. Ni kweli, na pengine ndiyo sababu hatulioni tatizo. Karani akisinzia Jumatatu, faili linachelewa. Tena karani anajua Jumatatu ni lini. Rubani mpya hana Jumatatu. Rosta inamwambia Jumanne anaruka alfajiri, Jumatano anaruka usiku, Alhamisi ni stendbai. Stendbai ndiyo inayowaudhi zaidi, nami nawaelewa: siku ya kukaa bila kuruka, simu mkononi, huku ukitakiwa ufike uwanjani haraka ukiitwa. Huwezi kuikalia Eldoret. Unakaa Nairobi siku nzima ukitazama dari, na mchumba wako haamini kuwa hiyo ni kazi. Wakubwa kazini huchagua zamu kabla yako, kwa hiyo mapumziko yako yanakuja vipandevipande: siku moja hapa, moja na nusu pale. Siku moja ya mapumziko Nairobi ni usingizi. Siku moja hiyohiyo ukiipeleka Eldoret ni safari mbili na harambee, kwa maana rubani akionekana kijijini haruhusiwi kuwa maskini.

Wanaoimudu hali hii, na wapo, hawaimudu kwa ushujaa. Wengi hukodi nyumba watatu au wanne, Syokimau au Nyayo Embakasi kwa wa Jomo Kenyatta, South C au Nairobi West kwa wa Wilson. Kwa kuwa rosta hazifanani, ni nadra wote kulala siku moja. Nyumba ya namna hiyo ukiingia unaijua. Mapazia ni mazito ya kuzuia mwanga wa mchana, viatu vyeusi vimepangwa mlangoni, na ukutani kuna karatasi ya nani analala lini. Katika friji kuna chupa ya mursik ambayo mwenye nayo ameiandika jina kwa kalamu ya wino mzito, na bado imepungua. Hakuna televisheni sebuleni, kwa makubaliano. Kodi ikigawanywa hivyo inakuwa ndogo kuliko nauli za ovyo za mwezi mzima na tiketi za kununua kwa dharura.

Hao hao wana desturi nyingine: hawasafiri siku ya zamu. Zamu ya Jumatatu husafiriwa Jumapili mchana, na kama ndege ya mchana imejaa bado kuna ya jioni, na ikishindikana ya jioni bado kuna usiku mzima wa kutafuta njia nyingine au kupiga simu mapema. Wanabadilishana zamu na wenzao wa Nairobi wasiojali Krismasi, ili siku zao za mapumziko ziungane zifike tatu au nne, na hapo ndipo wanapokwenda nyumbani. Na wamejifunza kusema sentensi moja ngumu kuliko zote kwa mtu aliye katika kipindi cha majaribio: "Sijalala vya kutosha, siwezi kuruka leo." Kila shirika litakuambia kwamba mlango wa kusema hivyo uko wazi. Kijana mwenye deni la shamba hauoni ukiwa wazi. Anaona mistari miwili mabegani na foleni ya vijana wenye leseni nje wanaomsubiri ateleze. Ndiyo maana simtupii yeye mzigo wote, ingawa usukani uko mkononi mwake.

Kwa wakuu wa mashirika nina ombi ambalo halihitaji sheria mpya. Wekeni vyumba vya kulala karibu na viwanja, vyenye vitanda na giza, kwa marubani wanaotoka Eldoret, Kisumu, Mombasa na Malindi, na muwakate kiasi kidogo kwenye mshahara kama ni lazima. Muulizeni kila rubani mpya anakoishi, si kwa kumtisha, bali kwa kumpangia. Zamu za alfajiri za mtu wa mbali zifuatane badala ya kutawanywa. Na mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga anapofungua rosta, aulize pia rubani ameamka saa ngapi na wapi, kwa sababu karatasi peke yake itamwambia kila kitu kiko sawa.

Nawe uliyepata kazi mwezi huu, ukiwa bado unanusa upya wa sare: mshahara wa kwanza ukiingia, kodi kitanda Nairobi kabla hujamlipa mjomba. Mpigie simu umweleze kwa nini. Akikasirika, mwambie shamba lake liko salama zaidi ukiwa umelala.